Kabla Hujawa Afisa Mikopo, Soma Karatasi ya Malengo

Kila mwaka vyuo vya UDOM, CBE, Mipango na Hombolo vinamwaga vijana mtaani, na wengi wao kazi ya kwanza wanayoipata hapa Dodoma ni ya afisa mikopo. Tangazo linabandikwa kwenye nguzo ya umeme: awe na diploma, awe na wadhamini wawili, akijua kuendesha pikipiki ni vizuri zaidi. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, kwenye kampuni mbili, na bado naifanya. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: nitajuaje kama kampuni ni ya kausha damu, yaani ya mikopo inayomkamua mteja, kabla sijaingia?

Wengi wanatazama sura ya bosi. Akiwa mkali ni mnyonyaji, akifungua kikao kwa sala ni mtu wa Mungu. Mdogo wangu, achana na sura. Meneja wangu wa kwanza alikuwa mwema kabisa. Ukifiwa alikuja msibani na alikaa mpaka matanga yanaondoka. Lakini Jumatatu asubuhi mtu huyohuyo alisimama mbele ya ubao wenye majina yetu, kalamu nyekundu mkononi, akatuma watu kufanya mambo ambayo asingemfanyia jirani yake.

Nilichojifunza ni kwamba ulafi wa kampuni unakaa kwenye karatasi ya malengo. Utapewa siku ya kwanza, ina safu za wateja wapya, kiasi cha kukopesha na asilimia ya marejesho. Chini yake, kwa maandishi madogo, kuna maelezo ya jinsi mshahara wako utakavyopanda au kukatwa. Hapo ndipo pa kusoma taratibu. Kama bonasi inatokana na kiasi ulichokopesha tu, utamkopesha mtu ambaye unajua kabisa ana marejesho sehemu nyingine mbili. Kama unakatwa wewe mteja anapokwama, utajikuta saa tatu usiku umekaa kibarazani kwa mtu, watoto wake wanakuchungulia dirishani. Na hakuna atakayekuwa amekuagiza. Ukishtakiwa, kampuni itasema ulizidisha.

Marekani jambo hili lilionekana kwa ukubwa wake. Benki ya Wells Fargo ilikuwa na lengo la kumuuzia kila mteja huduma 8. Wafanyakazi wa matawi, kwa kuhofia vibarua vyao, wakafungua mamilioni ya akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 benki ilitozwa dola milioni 185, na ikajulikana kwamba wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa kwa sababu hiyo. Mkurugenzi mkuu, John Stumpf, alijiuzulu mwaka huohuo, na faini yake binafsi ya dola milioni 17.5 ilikuja mwaka 2020. Tazama mpangilio huo vizuri: waliotimiza lengo kwa hila waliondoka kwanza, aliyelisimamia akafikiwa mwisho.

Sisi wa kanda ya kati tuna mfano wetu wa namba zinazopangwa mbali. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga, wazo likiwa limetoka kwa mkubwa wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever. Msimu wa kwanza walilenga ekari 150,000. Hawakufikisha hata 10,000. Kongwa ni kavu na udongo wake ukikauka ni mgumu kama saruji, jambo ambalo Mgogo yeyote mwenye jembe angewaambia bure. Mwaka 1948 usimamizi ulihamia kwenye shirika la serikali ya Uingereza, na mradi ulipofungwa mwaka 1951, hasara ya mamilioni ya pauni ikabaki kwa walipa kodi wa kule.

Turudi kwenye mikopo, maana huko ndiko utakakotumwa.

Chukua kalamu. Mteja anakopa shilingi 400,000 kwa miezi minne, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana. Riba ikipigwa kwenye deni linalobaki, na kila mwezi akirejesha 100,000 ya mkopo, atalipa riba ya 14,000, kisha 10,500, kisha 7,000, kisha 3,500. Jumla 35,000. Ikipigwa kwenye mkopo wa awali mpaka mwisho, ni 14,000 mara nne, yaani 56,000. Asilimia ni ileile kwenye bango. Hapo sijagusa ada ya fomu, ada ya tathmini na kile wanachokiita bima, vinavyokatwa kabla hajashika hela. Ukishindwa kumweleza mama wa Majengo tofauti hiyo ya 21,000 kwa Kiswahili cha kawaida, au ukiambiwa usimweleze, umeshapata jibu la swali lako.

Sasa, kuhusu kukataa. Kulikuwa na mama Chang'ombe akiuza samaki wa Mtera, akakwama marejesho kwa kuuguliwa. Meneja akanipigia: kachukue friji kabla ya saa kumi. Mkataba wetu wenyewe ulisema mteja apewe kwanza notisi ya maandishi. Nikamwambia, "Meneja, naomba unitumie hilo agizo kwa meseji, nibaki na kumbukumbu." Kimya. Kisha, "Siku hizi umekuwa mwanasheria?" Meseji haikuja na mimi sikwenda.

Kesho yake akaenda mwenzangu. Friji likachukuliwa, bonasi yangu ya mwezi ikaenda. Nilipokutana na yule mama sokoni nilitegemea angalau asante. Akaniambia, "Mwanangu, bora ungekuja wewe. Yule mwenzio hakunipa hata nafasi ya kutoa samaki."

Ndiyo maana simsifii sana mtu anayekataa tu halafu akaenda kulala. Kuomba agizo kwa maandishi ni muhimu na nakushauri ulifanye zoea, kwa upole, bila kubishana. Lakini kwa yule mama kazi ilipaswa kuanza rejesho la kwanza lilipoyumba: kwenda kumwona, kumtafuta mdhamini, kupeleka ofisini ombi la kupanga marejesho upya. Baada ya tukio lile tuliandika barua makao makuu, tukaambatanisha kifungu cha notisi. Hawakuomba radhi. Walibadilisha fomu tu, wakaweka mstari ambapo meneja anasaini jina lake kabla ya mali ya mteja kuguswa. Hutaamini jinsi friji zilivyoanza kubaki majumbani.

Huko kwenye mikopo ya simu hakuna hata meneja wa kumwomba meseji. Programu inanyonya majina yote kwenye simu ya mteja, na akichelewa siku moja mkwe wake anapokea ujumbe wa matusi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Nyuma ya ujumbe ule kuna kijana amekaa kwenye kiti, ana lengo la siku. Ukiitiwa kazi ya "huduma kwa wateja" yenye maelezo kwamba utatumia laini nyingi za simu, usiende. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na kusema umetumwa hakutakusaidia.

Kwenye usaili wakikupa nafasi ya kuuliza, uliza hili: mteja akishindwa kulipa, anakatwa nani? Wakijibu haraka kwamba ni afisa, shukuru uondoke. Wakikueleza habari za kamati ya mikopo na kupanga deni upya, endelea kusikiliza. Omba kuiona leseni ya Benki Kuu, na jina lililoandikwa pale lilingane herufi kwa herufi na la kwenye mkataba wako wa ajira. Wakisema iko makao makuu Dar, waombe wakutumie picha yake kabla hujasaini.