Kijumba cha Mablanketi: Blanketi Zito ni la Chini

Paa la kijumba cha watoto linaanguka kila mara. Nimetumia viti vinne vya plastiki na blanketi jipya, nene kabisa. Nimekosea wapi? – Baba wa watatu, Kayole

Umekosea kwa blanketi hilo. Swali hili linarudi kila likizo ya Agosti, na kosa ni lile lile. Blanketi la manyoya la kilo 3 au 4 huvuta migongo ya viti kuelekea katikati, kimoja kikipinduka vingine vinafuata, na anayefunikwa ni mtoto. Litandike chini walikalie. Juu weka shuka la pamba, au jozi ya leso ambayo haijakatwa: ina urefu wa karibu mita 3.

Sasa viti. Vipange migongo itazamane, sehemu za kukalia ziangalie nje. Weka jerikeni ya maji ya lita 5 kwenye ukingo wa mbele wa kila kiti, mbali na mgongo, au pakiti mbili za unga za kilo 2. Uzito ukikaa kule nje, kiti hakipinduki kirahisi. Shuka lipite juu ya mgongo na kuning'inia sentimita 30, ndipo ubane pegi mbili kila kona. Ukibana upindo peke yake, pegi inachomoka mtoto akiegemea tu. Kama viti vinateleza kwenye vigae, weka vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli chini ya miguu.

Stima ikipotea, tunaweza kuwasha mshumaa mmoja ndani? – Pipeline

Hapana. Tochi au taa ya sola. Na jiko la makaa lisiingizwe chumbani kwa sababu ya baridi, hata likikaa mbali na kitambaa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua watu waliolala.

Nafungaje kamba kwenye kona bila kutoboa shuka? – Mama wa mapacha, Umoja

Chukua bano la watoto, yaani gololi ya kioo. Liweke sentimita 10 kutoka kwenye kona, lifunike kwa kitambaa litokeze kama kifundo, kisha zungusha kamba shingoni mwa kifundo mara tatu na ukaze. Kadiri unavyovuta, ndivyo inavyozidi kushika. Ncha ya pili funga kwenye grili ya dirisha au mguu wa kitanda. Usifunge kamwe kwenye meza ya runinga, kabati la vyombo wala kitasa cha mlango. Mchezo ukiisha, fungua kamba zote siku hiyo hiyo; kamba iliyo usawa wa shingo ya mtoto anayekimbia ni hatari.

Wa miezi minane aingie na wenzake? – Lang'ata

Hapana, dada. Mito na mashuka yanaweza kumziba pumzi.

Mito ya kuta hailali sawa, na watoto wananiharibia mpango. Niwatoe kwanza nimalize? – Baba, Kasarani

Mito ya kulalia haisimami, ni laini mno. Tumia matakia ya kochi: yasimamishe yakiegemea ukuta wa nyumba, kisha sukuma blanketi lililokunjwa kwenye kitako yasiteleze. Godoro usilisimamishe, likianguka mtoto mdogo hawezi kulisukuma.

Na usiwatoe, ndugu yangu. Kalongolongo ni yao. Wa miaka mitano anaweza kubana pegi, wa minane anaweza kufunga kamba. Kazi yako ni kubeba jerikeni na kuvuta kila fundo kabla hawajaingia.