Mofini si kukosa imani

SWALI: Mama yetu ana saratani ya shingo ya kizazi. Hospitali imeturudisha nyumbani na chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Mzee mmoja wa kanisa anasema dawa hiyo humharakisha mtu kufa, tena Bwana Yesu alikataa divai yenye manemane msalabani. Kwa hiyo tunampa mama akilia tu. Sasa amekataa chakula, na tunaogopa tunamuua kwa njaa. – Binti, Arusha

JIBU: Pole sana, dada. Tuanze na chupa, maana mama anaumia leo.

Kosa liko hapo kwenye "akilia tu". Nguvu ya mofini ya maji huisha baada ya muda wa saa nne hivi. Mkingoja alie, kila mara mnaanza upya. Mpeni kwa saa: 12 asubuhi, 4, 8 mchana, 12 jioni, 4 usiku. Muulizeni muuguzi wa tiba shufaa, yaani wa kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi, kama dozi ya usiku iwe mara mbili, ili msimwamshe saa 8 usiku. Pimeni kwa bomba lisilo na sindano, na kila chupa mpya someni kibandiko: ya mg 50 kwa ml 5 ina nguvu mara kumi ya ile ya mg 5 kwa ml 5. Kumwogesha na kumgeuza kusubiri nusu saa baada ya dozi.

Mofini hufunga choo, na tatizo hilo haliishi lenyewe. Ombeni dawa ya kusaidia choo kitoke, kama bisakodili, tangu siku ya kwanza. Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache. Ila asipoamka mkimwita, au akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, zuieni dozi inayofuata na mpigieni muuguzi mara moja. Mofini ikitolewa kwa kipimo alichoandikiwa, haimharakishi kufa.

Mwambieni mzee wetu kwa heshima: Bwana alikataa divai ile kwa nafsi yake mwenyewe, lakini hakumnyima nafuu mgonjwa hata mmoja aliyemjia. Msamaria alimimina mafuta na divai kwenye majeraha ya mwenzake. Naye Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwajibu madaktari mwaka 1957 kwamba kutuliza maumivu ya anayekufa ni halali.

Mchungaji aitwe sasa, mama angali anaweza kuzungumza na kupokea Chakula cha Bwana. Waombaji waingie wawili wawili, umati humchosha.

Chakula msimlazimishe. Mwili unaofunga safari hauhitaji ugali, na tonge la kulazimishwa laweza kumpalia. Kinywa ndicho kisisahaulike. "Naona kiu," alisema Bwana. Kila baada ya muda wa saa mbili mlowesheni ulimi kwa kitambaa safi chenye maji, mpakeni vaselini midomoni. Siku za mwisho pumzi ikikoroma, mlazeni ubavu. Endeleeni kumsemesha, huenda bado anasikia.