Re: Mashamba ya Laxton yanagawanywaje bila ua?

Mkuu, umeuliza wakulima wa kijiji cha Laxton, Nottinghamshire, Uingereza, wanajuaje mipaka yao wakati hakuna ua. Jibu ni vigingi, na baraza linalovikagua.

Kijiji kimo kwenye Domesday, kitabu cha kuorodhesha ardhi cha 1086, na ramani ya mpima ardhi Mark Pierce ya 1635 inaonyesha vipande vya mashamba kimoja kimoja. Mashamba makubwa ni matatu: West Field, Mill Field na South Field. Kila mkulima ana vipande katika yote matatu, kwa hiyo udongo mzuri na mbaya wanagawana. Mwaka wa kwanza shamba hupandwa ngano ya majira ya baridi, wa pili zao la masika, wa tatu hupumzishwa. Zamani kondoo walichungwa humo na kuacha samadi. Ukivunja mzunguko peke yako, jirani zako ndio wanaoumia.

Tatizo kubwa ni jembe. Anayelima mwisho wa kipande hujisogeza kidogo kidogo hadi anakula njia ya wote. Ndiyo maana kila mwisho wa Novemba wazee wa baraza hukagua shamba lililopandwa ngano, hupigilia vigingi upya na kuandika wakosaji. Baadaye Court Leet, mahakama ya jadi ya kijiji, huwatoza faini. Ni pesa ndogo tu, lakini aibu mbele ya kijiji kizima ni kitu kingine.

Kwingine Uingereza mashamba ya wazi yalikwisha kwa sheria za kuzungushia ua, hasa karne ya 18 na 19. Hapa wamiliki wakubwa walikuwa wawili, na kuafikiana kukawa kazi, ndiyo maana ua haukuwekwa.