Muulize Fundi: "Tunaambiwa waya wa Marekani haupo"

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinazunguka jambo moja: intaneti ya kasi vijijini Marekani, na lile sharti la serikali kwamba vifaa vitoke viwanda vya humo humo nchini. Mimi kazi yangu ni kuunganisha nyuzi za faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga, huku North Carolina, mwaka wa kumi na moja sasa. Nitajibu nne.

Shikamoo Fundi. Tunaishi nje kidogo ya Bowling Green, Kentucky. Nyumba zilizo barabarani zina faiba, sisi tulio bondeni hatuna. Wanangu wawili wanafanya kazi za shule ndani ya gari, kwenye maegesho ya maktaba, kwa sababu wifi ya maktaba inafika hapo. Kila nikiuliza naambiwa pesa za serikali zipo, ila zina sharti waya uwe umetengenezwa Marekani, na waya huo haupo. Ni kweli? — Mama wa Uvira, Kentucky

Marahaba, mama. Habari ya watoto kusomea garini imeniuma, na ninaiona kwa macho yangu huku pia, hata wakati wa baridi.

Uliloambiwa lina ukweli nusu. Sharti lipo. Sheria ya miundombinu iliyosainiwa Novemba 15, 2021 ilitenga dola bilioni 42.45 kwa mpango unaoitwa BEAD, wa kufikisha intaneti ya kasi kwa nyumba zisizo nayo. Jimbo lako lilipangiwa zaidi ya dola bilioni moja. Sheria hiyo hiyo ikasema kwamba fedha za serikali zikijenga kitu, chuma chake, vifaa vyake vya ujenzi na bidhaa zake za viwandani vizalishwe Marekani. Kwa bidhaa ya kiwandani, haitoshi kuja kuikaza skrubu hapa. Zaidi ya asilimia 55 ya gharama ya vipande vyake lazima iwe ya hapa hapa. Kwa faiba masharti ni makali zaidi. Uzi wenyewe wa kioo uwe umeanza safari yake Marekani tangu ukiwa gogo. Nasema gogo kwa sababu ndivyo ulivyo: nguzo ya kioo safi kupindukia inapashwa moto juu ya mnara mpaka inalainika, kisha uzi mmoja unavutwa kushuka chini, unene wake sehemu ya nane ya milimita. Gogo moja linatoa mamia ya kilomita. Baada ya hapo nyuzi zinakusanywa, zinavikwa, zinakuwa kebo, na hatua hizo nazo zifanyike hapa.

Lakini kwamba waya huo haupo, hapana. Ninaishi mwendo mfupi kutoka Hickory. Zamani mji huu uliishi kwa samani na soksi, viwanda vikafungwa kimoja kimoja, na watu walioachishwa wakaingia kwenye kebo. Corning, kampuni ambayo wanasayansi wake walitengeneza uzi wa kwanza wa kioo uliofaa kwa mawasiliano mwaka 1970, inavuta nyuzi Wilmington, pwani ya jimbo hili hili, na inatengeneza kebo huku kwetu. Georgia kuna viwanda, South Carolina kuna viwanda. Jirani yangu mama mmoja anakaa kwenye mashine ya kuvika kebo, zamu ya usiku. Binti yake anasoma uuguzi kwa mshahara huo.

Uhaba ulikuwapo, sitakuficha. Mwaka 2021 na 2022, nchi nzima ilipotaka kebo kwa wakati mmoja, kampuni kubwa zilikuwa zimeshaweka oda zao, na vyama vidogo vya ushirika vikasubiri. Nilikaa wiki sita bila kazi nikingoja dramu za kebo. Viwanda vikaongezwa, hali ikalegea. Mwenye kukwambia kwamba kebo ndiyo iliyokukwamisha miaka yote hii anakupa sababu ya zamani.

Penye ugumu wa kweli palikuwa kwenye vifaa vya kielektroniki: visanduku vinavyotuma mwanga kutoka kituoni, na kile kinachobandikwa ukutani kwako kuupokea. Karibu vyote vilikuwa vikitoka Asia. Hapa nadhani serikali ilifanya jambo la busara. Februari 2024 Wizara ya Biashara ilitoa msamaha wenye mipaka: kebo, makasha yake na vile visanduku vikuu vya mwanga vibaki chini ya sharti; vipande vingi vingine vya kielektroniki visamehewe, maana hakuna anayevitengeneza hapa. Ambacho hakikusamehewa kilikuwa na mtu wa kukitengeneza. Nokia ilikuwa imekwishatangaza kuvitengeneza Wisconsin pamoja na Sanmina, na Adtran ilikuwa nacho kiwanda Huntsville, Alabama. Ndivyo sharti la namna hii linavyopaswa kuwekwa. Dai kile ambacho kiwanda chake kipo, au kinaweza kusimama kabla mradi haujaanza. Kwa kingine, samehe, ili mtoto asome.

Basi kilichokuchelewesha ni nini? Utaratibu, mama. Kwanza ramani mpya ya nchi nzima, iliyotoka Novemba 2022. Kisha mgao kwa majimbo, Juni 2023. Kisha kila jimbo liandike mipango, mipango ipitiwe, nyumba zibishaniwe moja moja. Halafu Juni 2025, majimbo mengine yakiwa yamekwishachagua wajenzi, kanuni zikabadilishwa: faiba ikaondolewa kipaumbele, setilaiti na minara ikaruhusiwa kushindana nayo kwa bei, na majimbo yakaambiwa yapokee zabuni upya. Novemba 2025 ndipo mipango ya mwisho ya majimbo na maeneo mengine ya Marekani, 18 ya kwanza kwa jumla, ilipoidhinishwa chini ya kanuni hizo mpya. Katika yote hayo, kebo ya Marekani haikuchelewesha hata wiki moja kati ya zile nilizozihesabu mimi.

La kufanya sasa. Ingia kwenye ramani ya intaneti ya FCC, tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, andika anwani yako, uone kampuni gani zinadai kukuhudumia. Kama ipo inayodai na uliipigia ikakataa kuja, bonyeza pale pa kupinga, weka tarehe uliyopiga na walichokujibu. Kama nyumba yako haipo kabisa kwenye ramani, na hilo huwatokea sana walio bondeni au nyuma ya nyumba nyingine, omba iwekwe. Kisha ipigie ofisi ya jimbo inayoshughulikia intaneti, uulize swali moja tu: anwani yangu imepewa nani, na kwa njia gani, faiba au setilaiti? Jibu wanalo. Usikubali kurudishwa na habari ya waya.

Fundi, nina trela, mashine ya kuchimbia na vijana wanne. Tunachimba mitaro Iowa kwa kampuni kubwa. Nikitaka kuchukua kazi za fedha za serikali, hili sharti la Marekani linanihusu mimi mchimbaji, au ni la wakubwa? — Mkandarasi wa Goma

Linakuhusu kaka, na nitakusimulia jinsi nilivyojua.

Tulikuwa kwenye mradi wa fedha za serikali, barabara ya mashambani, nguzo kwa nguzo. Dramu ya kebo ikaisha mchana, gari la kuleta nyingine lilikuwa mbali. Msimamizi wetu akakumbuka dramu iliyobaki bohari kutoka kazi ya mtu binafsi. Nyuzi zile zile 48, kebo ya rangi ile ile. Tukaitundika, kama futi 1,200. Siku ya tatu akaja mkaguzi, mzee mpole, akasimama chini ya nguzo na darubini. Ubavuni mwa kebo kumechapishwa kila kitu: jina la aliyeitengeneza, mwezi na mwaka, idadi ya nyuzi, na urefu kila futi mbili. Akasoma, akafungua faili lake, akasema, "Hii haimo." Haikuwa na barua. Tuliishusha yote mvua ikinyesha, na siku mbili za kushusha na kutundika upya hakuna aliyetulipa.

Kwa hiyo shika hili. Mtengenezaji wa kebo anatoa barua aliyoitia saini kwamba bidhaa yake imetimiza sheria, na Wizara ya Biashara ilianzisha orodha ya waliojithibitisha hivyo. Ukipokea dramu, pokea na barua yake, piga picha ya maandishi ubavuni na ya kibandiko, viweke pamoja, andika imetumika kutoka nguzo ipi hadi ipi. Kontena la kazi ya serikali liwe lake peke yake, na kufuli lake. Bomba unalozika, kasha unalofukia, vyote uulizie barua. Aliyekupa kazi akikwambia usijali, atashughulikia yeye, mwombe akuandikie hivyo.

Jambo jingine ambalo hukuuliza. Wafundishe vijana wako kuunganisha nyuzi. Kuchimba mtaro kunalipa kwa futi, na kila mwenye mashine anakupunguzia bei. Kuunganisha kunahitaji mkono mtulivu. Unavua uzi, unaupangusa kwa spiriti mpaka ukisugua unalia kidogo, unaukata kichwa kikae wima, unaulaza kwenye mashine, cheche moja, na kwenye skrini unaona nyuzi mbili zimekuwa moja. Uzi wa kwanza ni bluu, wa pili chungwa, wa tatu kijani, wa nne kahawia, mpaka wa kumi na mbili. Kijana aliyetulia anashika mpangilio huo kwa wiki moja. Vyuo vingi vya jamii vina kozi fupi. Wapeleke wawili kwanza.

Kwa nini serikali isinunue kebo ya bei rahisi popote ilipo duniani, ikaunganisha watu wengi zaidi? Huu uzalendo wa kebo analipa nani? — Msomaji wa Minneapolis

Swali la haki. Ila tazama fedha zinakokwenda. Katika kujenga faiba vijijini, sehemu kubwa ya gharama ni mikono ya watu: kuchimba, kupasua mwamba, kusubiri kibali cha nguzo, kuunganisha. Kebo ni sehemu ndogo. Ikiwa ghali kidogo, bei ya kilomita nzima haitikisiki sana. Kwenye vifaa vya kielektroniki ingetikisika, na ndiyo maana nausifu ule msamaha.

Linalonikosesha usingizi mimi ni ankara ya kila mwezi. Kulikuwa na mpango wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, dola 30 kwa mwezi, na familia kama milioni 23 zilikuwa ndani yake. Fedha zikaisha, ukafungwa Juni 1, 2024. Nimeunganisha nyumba za watu ambao baada ya miezi michache waliniita nikaikate intaneti, si kwa kuwa imeharibika. Uzi uko ukutani, safi, mwanga unafika, na bibi amerudi kununua vifurushi vya simu. Kama una barua moja tu ya kumwandikia mbunge wako mwaka huu, iwe ya jambo hilo.

Shikamoo mjomba. Nasoma uhandisi wa mawasiliano, nyumbani ni Tanga. Je, na sisi tungeweka sharti kama hilo la Marekani, lingetufaa? — Mpwa wako wa Tanga

Marahaba mpwa wangu, umenigusa. Mimi nimekulia Muheza. Baba alikata mkonge maisha yake yote, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama gome. Mkonge wenyewe ulikuja kwetu mwaka 1893, ukitokea Florida. Mzungu aliyeuleta alisafirisha miche elfu moja, ikafika mizima 62. Miaka sabini baadaye tulikuwa wa kwanza duniani. Na bado marobota mengi yaliondoka bandarini Tanga yakiwa singa tupu, kamba zikasokotwa kwingine. Baba alikuwa akizionyesha singa hizo zimening'inia juani, nyeupe mpaka upeo wa macho, anasema, "Hizi zote zinakwenda kuwa mali ya mtu mwingine."

Kwa hiyo moyo wangu unasema ndiyo, wekeni sharti. Kichwa kinaniambia mwanzie mahali panapowezekana. Kuvuta uzi wa kioo kunataka mnara, kioo safi kupita kiasi na soko kubwa la kudumu. Kuzikusanya nyuzi zilizonunuliwa nje na kuzivika kuwa kebo ni kazi ya mashine chache na plastiki nzuri. Hapo nchi ndogo inaweza kuanza. Makasha, mabomba ya kuzikia, nguzo, hivyo vingewezekana hata kesho. Na sharti liandikwe na tarehe: mwaka huu hiki, baada ya miaka mitatu na kile, ili mwenye kiwanda ajue anamtengenezea nani, na kijiji kisikae gizani kikingoja kiwanda ambacho bado ni uwanja.

Nina ombi. Siku ukipita mahali wanapozika mkongo, waombe mafundi wakuonyeshe ubavu wa kebo. Soma kilichochapwa hapo, jina, mwezi, mwaka, kisha uniandikie.