Pikipiki kuukuu inatetemeka? Anza na nati kabla ya kranki

Fundi akikwambia "hiyo kranki imekwisha" kabla hajashika spana hata moja, mshukuru uondoke na pikipiki yako. Kranki, yaani shafti ya ndani ya injini inayozungushwa na pistoni, hufa kweli, lakini kwenye injini za muundo wa Honda CG, hizi za cc 125 na 150 zilizojaa vijiweni Tanga, mtetemo mara nyingi huanzia nje ya injini. Dawa yake ni spana namba 12, 14 na 17, pamoja na nusu siku ya subira.

Injini ya silinda moja haiwezi kutulia kabisa. Pistoni inapanda na kushuka, na vizani, yaani uzito wa kusawazisha ulio kwenye kranki, hupunguza sehemu tu ya nguvu hiyo. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, fremu inapigwa mara 100 kila sekunde. Wewe shughulika na mtetemo mpya: ule ambao mwezi uliopita haukuwepo, unaotia vidole ganzi, unaokata balbu na kudondosha kibao cha namba.

Kabla ya kufungua chochote, tambua mtetemo unatoka wapi. Pasha injini dakika tano, weka nyutro, panda resi polepole. Mtetemo ukitokea hapo pikipiki ikiwa imesimama, matairi na cheni havihusiki. Kisha tafuta kipande cha lami kilichonyooka, mfano kuelekea Pongwe asubuhi kabla malori ya saruji hayajachangamka, uende 50 kwa saa na gia ya nne. Shuka hadi ya tatu, mwendo uwe uleule. Mtetemo ukibadilika, unafuata injini. Ukibaki vilevile, unafuata magurudumu. Mwisho kamata klachi, achia resi, pikipiki iserereke: kinachoendelea kutetemeka hapo ni rimu, tairi, beringi za gurudumu au cheni. Majaribio haya hayagharimu hata senti, na hatuelewi kwa nini watu huyaruka.

Tuseme mtetemo unafuata injini. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, injini ikiwa baridi, futa kwa mafuta ya taa kila mahali injini inaposhikana na fremu: bati za mbele, bolti za chini, za nyuma, na kishikio cha juu kama kipo. Kausha, washa tochi. Ukiona unga mwekundu kama kutu umezunguka washa (kile kipete cha bati chini ya nati), au mstari mwembamba wa kutu karibu na ulehemu, umepata. Unga huo ni chuma kinachosagana na chuma. Mstari huo mara nyingi ni ufa.

Hapa hewa ya bahari ina ujanja wake. Pikipiki inayolala Raskazone au Sahare, nati zake huota kutu, na ukizijaribu kwa spana zinagoma kama zimekaza. Hazijakaza, zimeganda. Nguvu ya mkono wako inaishia kwenye kutu ya nyuzi, wala bati haibanwi. Kwa hiyo usijaribu kuikaza nati yenye kutu: ifungue kabisa, sugua nyuzi kwa brashi ya waya, angalia bolti kama imevutika shingo, ndipo urudishe.

Namna ya kurudisha ina maana kubwa kuliko nguvu unayotumia. Legeza bolti zote, hata zile zilizokuwa nzima, kisha itikise injini kwa mikono ikae inavyotaka. Rudisha zote kwa vidole. Ndipo ukaze kwa zamu, kila moja kidogo kidogo. Ukikaza ya kwanza hadi mwisho wakati nyingine hazijashika, unaipinda injini ndani ya fremu, na injini iliyopindwa hutetemeka hata kama kila nati imekaza. Kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, bolti ya milimita 8 hutaka takriban Nm 25, ya milimita 10 takriban Nm 45. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata kitabu. Nati zenye plastiki ndani zikishafunguliwa mara kadhaa hazishiki tena, nunua mpya.

Angalia pia kichwa cha bolti. Bolti ya kazi hii iwe na maandishi 8.8. Watu wakifunga bampa huhitaji bolti ndefu zaidi, wanachukua yoyote dukani, laini kabisa isiyo na alama. Ndani ya wiki chache imevutika na injini inacheza. Bampa zinazoshikwa na bolti za injini ndizo mshukiwa wa kwanza kwenye pikipiki ya abiria.

Tundu la bolti likishakuwa na umbo la yai, kukaza hakusaidii. Tundu la milimita 10 lililofika 11 lizibwe kwa ulehemu na litobolewe upya. Kabla mchomeleaji hajagusa fremu, toa waya za betri na uchomoe CDI, kile kisanduku kinachoamuru cheche ya plagi, vinginevyo utarudi na fremu nzima na pikipiki isiyo na moto.

Bolti zikiwa sawa na mtetemo bado upo, hasa injini ikiunguruma bila resi, sikiliza mafuta yanavyoungua ndani ya silinda. Injini inayomisi, yaani inayoruka mwako, hutikisa kama mtu mwenye kwikwi. Plagi ya injini hizi huwa D8EA, pengo lake milimita 0.6 hadi 0.7. Raba inayounganisha kabureta na kichwa cha silinda ikipasuka huvuta hewa: nyunyizia maji kidogo pale pembeni wakati injini inaunguruma, mlio ukibadilika, raba imekwisha. Tapeti, yaani nafasi za valvu, zisetiwe injini ikiwa baridi, alama ya T kwenye magneti ikiwa imelingana na valvu zote mbili zikiwa zimefunga. Kwenye Honda CG125 ni milimita 0.08 zote mbili, kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), si kwa kukisia kwa karatasi ya pakiti ya sigara.

Kama mtetemo ulifuata magurudumu, anza na cheni. Ilegee milimita 20 hadi 30 katikati, na uipime ukizungusha gurudumu lote, kwa sababu cheni kuukuu hukaza upande mmoja na kulegea upande mwingine. Toa gurudumu la nyuma uangalie raba zilizo ndani ya hab, kitovu cha gurudumu. Zikisagika, kila ukitia resi sproketi inapiga teke. Spoki zilizolegea utazijua kwa kuzigonga na bisibisi: inayolia kwa sauti nzito kuliko wenzake ndiyo yenyewe.

Sasa ndani, na hapa swali letu la kwanza kwa mwenye pikipiki ni: mtetemo ulianza baada ya injini kufunguliwa? Akisema ndiyo, yapo mambo mawili. La kwanza ni shafti ya balansi, yaani shafti yenye kizani cha kupunguza mtetemo. Baadhi ya injini za Kichina za 150 na 200 zinayo, na gia yake ina nukta inayotakiwa kulingana na nukta ya gia ya kranki. Fundi akikosea jino moja, kizani kinaongeza mtetemo badala ya kuupunguza. La pili ni pistoni. CG125 ina pistoni ya milimita 56.5, wanaotaka nguvu huweka bloku ya 150 yenye pistoni ya milimita 62 juu ya kranki ileile. Pistoni pana kwa kawaida ni nzito zaidi, na vizani vya kranki vilipangwa kwa ile ndogo. Hakuna nati itakayoponya hilo. Kabla ya kufunga pistoni yoyote mpya, iweke kwenye mizani pamoja na pini na ringi zake, halafu pima ya zamani. Tofauti ikiwa kubwa, rudisha dukani ukiwa bado na risiti.

Kranki yenyewe hupimwa silinda ikiwa imetolewa. Shika konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ivute juu na uisukume chini wima: isicheze hata kidogo. Kucheza kwenda pembeni kidogo ni kawaida, na mafundi wengi huwaonyesha wateja mchezo huo wa pembeni kama ushahidi. Usiukubali.

Ukimaliza kufunga, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye bati. Baada ya kilomita 100 chungulia: mstari ukikatika, nati imezunguka, kaza tena na ubadilishe washa.