Usimsagie mboga kwa siri kwenye uji, mimi yalinikuta

Dada, usiusage huo mchicha! Nimesoma kwamba mtoto wako ana miaka minne, anachambua hata kipande cha kitunguu, na umepanga kumtilia mchicha uliosagwa kwenye uji bila yeye kujua. Umeuliza pia kuhusu uchungu wa majani ya kunde. Kwanza weka blenda chini.

Mimi nilifanya hivyohivyo, hapahapa Mtwara, wangu akiwa na miaka mitatu. Kitu pekee alichokimaliza bila ugomvi kilikuwa uji wa asubuhi wenye korosho za kusaga. Nikaona kwenye simu mama mmoja anauza mashine za kusagia, anaapa kabisa mtoto hatagundua. Nikachemsha matembele, nikayasaga, nikayatia. Siku ya kwanza akanywa, ya pili akanywa. Ya tatu akahisi kiuzi cha jani kimenasa kwenye jino. Akakitoa, akakitazama, kisha akanitazama mimi. Hakulia. Alikisukuma kikombe tu.

Miezi miwili hakugusa uji! Wa ulezi hataki, wa dona hataki, mweupe wenye sukari hataki. Kila chakula akawa anakifukua kwa kijiko kutafuta nilichoficha, hadi wali wa nazi alioupenda tangu anaota meno. Kliniki wakampima, uzito umeshuka. Nesi akaniuliza kama nyumbani chakula kinapatikana. Na kilikuwepo, dada, tele! Mboga sikuipata na uji nikaupoteza. Yule mama wa mashine bado ananikera. Yeye akishauza amemaliza, anayebaki na mtoto asiyemwamini ni wewe.

Mboga aione. Aishike, ajue inaitwaje. Hilo nilifundishwa na bibi yake wa Mikindani, aliyempa mchi mdogo watwange kisamvu pamoja. Mtoto akatwanga mpaka jasho, majani yakamrukia usoni, akacheka. Kisamvu chenyewe bibi alikichemsha muda mrefu, sufuria wazi (kisikupitie akilini kukisaga kibichi na kumpa, kina sumu ya sianidi, lazima kitwangwe na kuiva sawasawa). Kilipolainika akatia korosho zilizotwangwa na tui la pili, kikachemka taratibu. Tui zito likaingia mwisho na chumvi, akakoroga bila kuacha lisikatike. Korosho na nazi zinafunika ule uchungu wa majani uliouulizia, na mafuta yake yanausaidia mwili kuchukua vitamini A ya mboga.

Tukamwekea kijiko kimoja pembeni ya ugali. Hakuna aliyemwambia ale, hakuna aliyemwahidi soda. Akakiacha. Kesho yake tena akakiacha. Usihesabu siku tatu ukasema mtoto hapendi. Wengi huhitaji kuonjeshwa mara nane, kumi, hata kumi na tano. Wangu ilikuwa ya kumi na mbili: alichovya tonge ukingoni, akalamba, akaniambia, "Hiki nilitwanga mimi."

Jioni hii mpe mafungu mawili ya mchicha mchambue wote, hata akiuchana vibaya. Na uji wake wa asubuhi uache vilevile alivyouzoea.