Jozi za maneno ya Kiingereza zinazotuponza sisi, si wao

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Unguja, na wanafunzi wangu wengi ni vijana wanaotembeza watalii au wanaofanya kazi mahotelini. Karibu kila anayeanza huja na orodha aliyoitoa mtandaoni ya maneno yanayochanganya. Juu kabisa utakuta "their" na "there", kisha "its" na "it's", kisha "your" na "you're". Huwa namwambia aiweke kando.

Orodha hizo zimeandikwa kwa ajili ya watu waliozaliwa na Kiingereza. Mtoto wa London huanza kusema "there" miaka kadhaa kabla ya kujua kuliandika, na kwa sauti ni sawa na "their", kwa hiyo akishika kalamu sikio ndilo linalomponza. Wengi wetu tumeyakuta maneno haya ubaoni na daftarini, na kwa macho hayafanani kiasi hicho. Sisi tunakwama kwingine: pale Kiswahili kinaporidhika na neno moja na Kiingereza kikadai mawili.

Chukua kuazima. Mimi nimeazima kalamu kwako, na wewe umeniazima kalamu. Aliyetoa kaazima, aliyepokea kaazima. Ndiyo maana "borrow me your pen" hututoka bila hata kufikiri. Dawa yake ni kuisahau kalamu na kufikiria pesa, maana kwenye pesa Kiswahili hakina mzaha: kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Sijaona mtu akachanganya nani anamdai nani.

Ila usiyameze yote mawili siku moja. Hapa ndipo ninapogombana na vitabu vingi, vinavyopanga jozi ubavu kwa ubavu na kukutaka uzikariri. Baada ya wiki utakumbuka vizuri kwamba yako mawili, na lipi ni lipi hujui. Shika "Can you lend me your pen?" peke yake, itumie kazini mpaka ikae mdomoni, ndipo umkaribishe "borrow".

Jozi ninayoisikia zaidi kwa vijana ni "bored" na "boring", na inachekesha kwa sababu mtaani tunazo zetu zilizo sawasawa kabisa. Filamu inaboa, mimi nimeboeka. Kijana anakaa na mgeni kwenye boti, bahari imetulia, hakuna pomboo hata mmoja, anataka kuonyesha kwamba naye amechoka kungoja. Anasema, "I am boring." Mgeni anacheka kwa adabu, maana ameambiwa: mimi ni mtu wa kuboa. Kila ukitaka kusema hivyo, jiulize kwanza, naboa au nimeboeka? Jibu likiwa nimeboeka, ni "bored". "Tired" na "tiring" zinakwenda hivyohivyo: nimechoka, inachosha.

"Steal" na "rob" zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu huishia kituo cha polisi. Tunasema nimeibiwa simu, halafu tunaigeuza neno kwa neno: "I was stolen my phone." Kwa Kiingereza kinachokuwa "stolen" ni kitu, simu au pochi, kamwe si mwenyewe. Sema "My phone was stolen." Anayekuwa "robbed" ni mtu, au benki, au duka, na neno hilo kwa kawaida hubeba vitisho au nguvu, yaani kuporwa. Mgeni aliyeacha mkoba mchangani akaenda kuogelea, akarudi asiukute, hajaporwa. Ukimsaidia kuandikisha taarifa ukaweka "robbed", umehama kwenye wizi umeingia kwenye unyang'anyi, na hayo ni makosa mawili tofauti.

Mkono na mguu nitapita haraka. Mkono wetu unaanzia begani mpaka vidoleni, wao wameukata kwenye kifundo: juu "arm", chini "hand". Mguu vivyo hivyo, "leg" na "foot". Mgeni akiteguka kifundo halafu wewe umpigie daktari umwambie "leg" tu, atauliza tena. Mwonyeshe kwa kidole, au sema "ankle" yaishe.

Kuna mahali tunawashinda. Kobe ni kobe, kasa ni kasa, hakuna Mzanzibari anayemtafuta kasa vichakani. Wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao asili yao ni Shelisheli, ni "tortoise". Wa baharini kule Nungwi ni "turtle". Lakini Wamarekani wengi huwaita wote "turtle", na baadhi ya vijana wakisikia hivyo huanza kujisahihisha bure. Usibadili. Wewe ndiye unayepokea fedha kwa kujua tofauti.

Zimebaki jozi za sikio, na kwetu kubwa ni "live", kuishi, na "leave", kuondoka. Kiswahili kina i moja tu, kwa hiyo "I live here" yetu husikika kama tunaaga. Katika "leave" vuta i na ubane midomo kama unatabasamu. Katika "live" ifupishe, ulegeze ulimi, uisogeze kidogo kuelekea e. Kisha fungua simu, weka uandishi wa sauti kwa Kiingereza, useme neno moja pekee bila sentensi, maana ukiipa sentensi itabahatisha. Ikiandika "leave" ulipotaka "live", legeza zaidi, sema tena.